Alhamisi na Watu wa Pakingi

Siku ya kuniaga nilipostaafu mlinipa blanketi, saa ya ukutani na keki yenye jina langu lililokosewa herufi mbili. Nashukuru kwa vyote, na keki ilikuwa tamu hivyo hivyo. Lakini kabla sijaondoka, Glory, ambaye sasa anakalia kiti changu pale chumba cha mazoezi, alinivuta pembeni.

"Mama Kaaya, kile kikundi chako cha Alhamisi, cha wazee wanaotetemeka. Sasa nani atakusaidia?"

"Wewe."

Akacheka. Mimi sikucheka. Akaanza kujitetea: yeye kasomea zaidi majeraha ya wachezaji, ugonjwa wa Parkinson aliupitia chuoni kurasa chache tu, na akisimama mbele za watu ulimi unamkauka. Kwa kuwa Glory ananizidi maneno ya mdomoni, nimeamua kuandika. Na mwingine yeyote kati yenu anayefikiri kikundi hakimhusu, asome pia. Huyo ndiye ninayemtafuta.

Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyote viwili vilikuwa vidogo, na hata nikivichanganya havijazi ukurasa.

Nilianza kazi ya fiziotherapia wakati watu wengi hapa Arusha walikuwa hawajawahi kulisikia neno hilo. Mama yangu, kule kwetu kwenye miteremko ya Mlima Meru, alijaribu kulitamka mara mbili akashindwa, akawatangazia majirani kwamba binti yake ameajiriwa hospitali kuchua watu. Wiki ya kwanza nilikuta bibi watatu wa kijijini kwetu wananisubiri getini, kila mmoja na chupa yake ya mafuta. Niliwaamkia shikamoo, wakaitikia marahaba, wakaanza kuvua viatu palepale.

Aliyenipokea kazini ni Mzee Shirima, mtu wa Rombo, mfupi, mwenye miwani minene kama kitako cha chupa. Nilikuwa nimepiga pasi koti langu jeupe mara mbili na kujifunza majina ya misuli yote upya. Nikamkuta amekaa dirishani na kikombe cha chai. Dirisha lile linatazama njia ya kutoka getini hadi mlangoni kwetu.

"Kaa hapa, binti," akasema. "Unaona nini?"

"Watu, mzee."

"Tazama tena."

Nikatazama mpaka saa nne. Nilianza kuamini kwamba nimepangiwa kufanya kazi na mvivu. Kisha akanionyesha mwanamume mmoja aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia getini. "Yule anaumwa nini?"

"Sijui, mzee. Hajafika bado."

"Ameshafika. Amefika tangu pale getini. Wewe ndiye hujafika."

Yule mtu alikuwa anaburuta mguu wa kushoto na kusimama kila baada ya hatua kumi, akijifanya anatafuta kitu mfukoni ili watu wasijue kwamba anapumzika. Alipofika mezani kwetu akasema haumwi sana. Shirima akamwambia, "Mfukoni hamna kitu, mzee mwenzangu. Kaa tuangalie huo mguu." Toka siku hiyo na mimi nikawa nakunywa chai dirishani, na walioajiriwa baada yangu wakadhani mimi ni mvivu.

Mngefikiri baada ya somo hilo nisingekosea. Sikilizeni sasa.

Aliletwa kwangu mwalimu mmoja wa shule ya msingi, Mwalimu Eufrasia, mama mnyoofu wa Njiro, Mkatoliki anayefika dakika kumi kabla ya muda na kuwasema wanaofika kwa wakati. Bega lake la kulia lilikuwa limekaza, kuandika ubaoni hawezi. Karatasi ilisema bega, nami nikatibu bega. Taulo la moto, kamba na gurudumu la kuvutia mkono juu, mazoezi ya ukutani. Miezi sita! Kila wiki nilimuuliza anaendeleaje, na kila wiki, kwa adabu zake, alinijibu, "Nasikia nafuu kidogo." Nafuu hiyo kidogo kidogo ya miezi sita ingekuwa ya kweli, angekuwa anarusha mkuki.

Miezi hiyo yote Shirima alikuwa likizo ndefu kwao Rombo. Siku aliyorudi, alikaa dirishani na chai yake, akamwona Mwalimu Eufrasia anaondoka.

"Yule mama, mkono wake mmoja umesahau kutembea," akasema.

Nikachungulia. Kweli. Mkono wa kushoto ulikuwa ukienda mbele na nyuma kama wa mtu yeyote. Wa kulia ulikuwa umening'inia tu, kama mwavuli uliotundikwa. Tukamwita arudi. Shirima akampa karatasi aandike jina lake mara kumi. Eufrasia wa kwanza alikuwa wa ubaoni, mtoto wa dawati la nyuma angemsoma. Eufrasia wa kumi alikuwa wa kusomwa na sisimizi. Kisha akamuuliza swali ambalo sikulitegemea: "Mwalimu, harufu ya kahawa unaisikia?"

Akafikiri. "Siku hizi kahawa hainukii. Nilidhani wanatuuzia vumbi."

Daktari wa mishipa ya fahamu alimpima akathibitisha: Parkinson. Ugonjwa wa ubongo, ambapo ile kemikali inayosaidia kuendesha mwendo wa mwili inapungua polepole, mtu akawa mzito, akakakamaa, maandishi yakasinyaa, pua ikapoteza harufu, mara nyingi akatetemeka. Mwalimu hakuwa anatetemeka hata kidogo, na ndiyo maana hakuna aliyeshtuka. Hauambukizi. Kuupona hakupo bado, lakini dawa zipo na mazoezi yanasaidia sana, mtu akaishi miaka mingi na kugombana na watu kama kawaida.

Nilijificha chumba cha mipira na magongo nikalia. Shirima akanifuata. "Acha kulia. Bega limefaidi. Sasa mtibu mwenye bega."

Mwalimu mwenyewe nilipomwomba radhi alininyooshea kola ya koti. "Taulo lilikuwa zuri," akasema. "Lakini ungekuwa mwanafunzi wangu, ungerudia darasa."

Na nilirudia. Nilisoma kila nilichokipata. Nikajifunza kwamba mgonjwa wa Parkinson anaweza kutembea vizuri, akifika mlangoni miguu ikaganda kama imepigiliwa misumari, na kwamba ukimchorea mistari sakafuni, au ukimhesabia moja mbili, moja mbili, anaivuka mistari na kuendelea. Kwa hiyo vifaa vyangu vikuu vya kazi kwa miaka iliyofuata vilikuwa chaki, utepe mweupe wa kubandika sakafuni na mdomo wangu. Wageni waliokuja kukagua idara walikuwa wakiuliza mashine zetu ziko wapi.

Ndipo akaja Mzee Laizer.

Aliletwa na mkewe, Mama Nengai, kutoka Ngaramtoni, na aliyekuwa na malalamiko ni mke. Mzee alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe, mrefu, blanketi begani, fimbo mkononi, uso mtulivu kama wa jaji.

"Daktari," akasema Mama Nengai, kwa maana kwake yeye kila mwenye koti jeupe ni daktari, "nyumbani nina majogoo tisa."

"Hongera, mama."

"Sio hongera. Mtetea hata mmoja hatuna. Wanapigana kutwa. Kila Jumapili huyu alikuwa anarudi na jogoo, na hadi leo nikimuuliza anasema hajanunua."

"Sijanunua," akasema Mzee Laizer.

Kwa wageni wa huku, nieleze. Kwenye sharika zetu za Kilutheri, waumini wengine huleta sadaka ya mazao: mkungu wa ndizi, mayai, kuku. Ibada ikiisha, watu husimama nje na vitu hivyo vinanadiwa. Unayetaka kuongeza bei unainua kidole au kutikisa mkono kidogo tu, mnadi anakuona. Sasa tazameni: Mzee Laizer alikuwa amesimama mbele yangu, mikono ameipumzisha juu ya fimbo, na mkono wake wa kulia ulikuwa unacheza wenyewe, kidole gumba kinasugua cha shahada, taratibu, bila kuacha, kama mtu anayehesabu noti. Na mtetemo huo, watu wakimkodolea macho, unazidi. Mnadi anaona noti zinahesabiwa. Anapaza sauti, "Mzee Laizer ameongeza!" Watu wote wanageuka kumtazama. Mkono unaongeza tena.

"Mbona hukusema kwamba si wewe?" nikamuuliza.

Akajinyoosha. "Mbele ya kanisa zima? Niseme mkono wangu haunisikii?"

Usharika ule ulivyoona ukarimu wake, ukamchagua mzee wa kanisa. Cheo hicho ndicho kilichomponza. Mzee wa kanisa anapitisha kikapu cha sadaka, na kikapu mikononi mwake kililia sarafu kama njuga za ngoma. Minong'ono ikaanza kwamba anakunywa asubuhi kabla ya ibada. Wakamwambia kwa upole apumzike kidogo. Alipumzika. Akaacha kwenda kanisani, kisha akaacha kwenda mnadani kwa ng'ombe, kisha akaacha kutoka nyumbani. Wakati Mama Nengai anamleta kwangu kwa kisingizio cha majogoo, mzee alikuwa ameshaanza kugawa ng'ombe wake kwa watoto, mmoja mmoja, kama mtu anayejiandaa kufa.

Daktari alimwandikia dawa. Kazi yangu ilikuwa kumkumbusha masharti.

"Baba, dawa hii inataka saa yake. Na usiinywe pamoja na maziwa wala nyama, vinaizuia isifanye kazi. Ukishaimeza subiri walau nusu saa."

Akahamishia fimbo mkono wa pili. "Niinywe na nini?"

"Maji. Au chai ya rangi."

"Chai ya rangi," akamgeukia mkewe, "ni maji ya moto yaliyochafuliwa." Lakini alikubali, na baada ya wiki kadhaa mkono ulipungua kucheza, akaanza kufunga vifungo vya shati mwenyewe. Jina la ugonjwa ndilo lililomshinda. Rafiki zake wa mnadani walipomuuliza anaumwa nini, akawajibu, "Pakingi." Wakamwambia lakini wewe huna gari. Akawaeleza kwamba yeye ndiye gari: akifika mlangoni anapaki, kutoka hawezi. Hadi leo Ngaramtoni nzima hakuna Parkinson. Kuna pakingi. Niliwahi kujaribu kusahihisha, nikaona napoteza muda. Mtu aliyesikia pakingi na kuelewa ni bora kuliko aliyesikia Parkinson akaogopa.

Kikundi hakikuanzishwa na mimi, msije mkanipa sifa za watu. Kilianza kwenye benchi la nje ya chumba chetu, siku Mwalimu Eufrasia na Mzee Laizer walipokaa pamoja kusubiri zamu. Mwalimu alimwambia anakaa kwa kujipinda. Mzee akamwambia yeye hajafundishwa na mwanamke tangu darasa la nne. Wakagombana kwa saa nzima, na nilipotoka nikawakuta wameshakubaliana kukutana tena wiki ijayo kuendelea. Wakajiunga wengine wawili, watatu. Tukaomba ukumbi mdogo wa kanisa Kijenge, tukapewa Alhamisi kwa kuwa ndiyo siku ambayo hakuna kwaya inayoutaka. Mzee Laizer akawa mwenyekiti. Mwalimu Eufrasia akawa katibu, na mihtasari yake tunayo yote, ingawa kuisoma kunahitaji kioo cha kukuzia.

Ugonjwa huu unapunguza pia sauti, mtu anadhani anaongea kumbe ananong'ona. Dawa yake ni kupiga kelele kwa mpangilio. Vitabu vinasema watu watamke "aaa" kwa nguvu. Tulijaribu, tukasikika kama wagonjwa wa meno. Mwenyekiti akasimama. "Hii sio kelele," akasema. "Ngojeni niwafundishe kuita ng'ombe aliye ng'ambo ya bonde." Akavuta pumzi kutoka tumboni, akaita. Vioo vya madirisha vilitikisika. Basi ikawa kila Alhamisi watu wazima kumi na wawili, pamoja na mwalimu mstaafu wa Njiro mwenye rozari mkononi, wanaita ng'ombe katikati ya Kijenge.

Wiki ya tatu mwenyekiti wa mtaa alikuja na mgambo. Majirani walikuwa wamepeleka taarifa kwamba kuna dhehebu jipya.

"Hapa mnaomba nini?" akauliza.

"Tunaita ng'ombe," akajibu Mzee Laizer.

"Wako wapi?"

"Ngaramtoni."

Mgambo akasogea nyuma hatua moja. Ilibidi nimpe mwenyekiti wa mtaa kiti na chai na kumweleza yote tangu mwanzo. Alisikiliza, akakuna kidevu, akasema kuna mtu kwenye mtaa wake wanamwita mlevi, na sasa anajiuliza kama amewahi kumwona na chupa. Wiki iliyofuata alimleta mwenyewe, amemshika mkono. Hiyo ndiyo iliyotufanya tufikirie kutoka nje ya ukumbi. Kama mwenyekiti wa mtaa hajui, nani anajua?

Mwalimu Eufrasia akasema tuanzie pale penye jeraha: usharika wa Mzee Laizer. Mzee akakataa. Mwalimu akamwambia, "Umewaachia wakusemee kwamba ni mlevi. Wewe unawaita ng'ombe wasiokuwepo, watu waliopo unawaogopa?" Jumapili ya pili Mzee alivaa suti.

Mchungaji alikuwa ametukubalia dakika tano kabla ya matangazo. Tulipanga Mzee aingie na msafara: kwaya mbele, wazee wa kanisa, yeye, kisha mchungaji. Kwaya ikaingia ikiimba. Wazee wakaingia. Mzee Laizer akafika kizingitini, akapaki.

Nyuma yake mchungaji, nyuma ya mchungaji robo ya usharika. Mbele, kanisa zima limegeuza shingo. Niliona jasho likimtoka kisogoni, na mkono wake umeanza kuhesabu noti. Nikamwambia polepole, "Baba, hesabu nami, moja, mbili." Hakuna kitu. Mtu mmoja kwenye benchi la nyuma akasema, kwa sauti ya kusikika, "Amerudia tena huyo."

Mwalimu Eufrasia akamsikia. Akafungua mkoba wake. Miaka mingi baada ya kustaafu bado anatembea na chaki, kama wengine wanavyotembea na leso. Akapiga magoti, Mkatoliki ndani ya kanisa la Kilutheri, akaanza kuchora mistari myeupe kwenye sakafu nyekundu iliyosuguliwa jana yake. Mama wa usafi akapiga ukelele. Mchungaji akasema, "Mwache achore."

Mzee akautazama mstari wa kwanza. Akainua mguu. Akavuka. Akavuka wa pili, wa tatu. Mpiga ngoma wa kwaya, Mungu ambariki, akaelewa bila kuambiwa, akaanza kumpigia hatua. Ikawa mwendo mzuri. Ikawa mwendo mzuri mno. Maana ugonjwa huu una kituko kingine: mtu akishaanza, pengine hatua zinakuwa fupi fupi na za haraka, kusimama ikawa ndiyo kazi. Mzee Laizer akaipita kwaya, akaipita meza ya matangazo, akakipita kipaza sauti alichowekewa, anaelekea madhabahuni kama mwenye haraka ya kwenda mbinguni.

"Breki!" akapiga kelele Mama Nengai kutoka upande wa akina mama.

Nikamkimbilia, nikamshika kiunoni, tukazunguka pamoja kama watu wanaocheza muziki, nikamfikisha kwenye kipaza sauti. Kanisa lilikuwa limejaa vicheko vya kuzuiwa. Akasubiri. Kisha akaongea kwa ile sauti ya kuita ng'ambo ya bonde, ambayo kwa kipaza sauti haikuhitajika hata kidogo.

"Sijalewa. Nina pakingi."

Sasa wakacheka wazi, naye akawaacha wacheke. Akaeleza ugonjwa kwa maneno yake, vizuri kuliko nilivyowahi kuueleza mimi. Akasema, "Wale majogoo, ni mkono ulionunua, sio mimi. Lakini siwarudishi, tumeshawala." Kicheko kingine. Halafu akashusha sauti. "Kikapu mliniondoa bila kuniuliza. Mngeniuliza tu."

Hapo hakuna aliyecheka. Mnadi, aliyekuwa amekaa benchi la kwanza, alitazama viatu vyake. Baada ya ibada mchungaji mwenyewe alimfuata akamwomba arudi kwenye huduma, na akina mama wakamshonea mfuko wa kitambaa mahali pa kikapu, kwa sababu kitambaa hakilii. Ile mistari ya chaki mama wa usafi alikataa kuifuta. Alisema aliyeichora arudi aifute, na Mwalimu akarudi.

Watu watatu walitufuata nje siku ile, wakinong'ona kuhusu mjomba, kuhusu mama, mmoja kuhusu mkono wake mwenyewe uliokuwa mfukoni tangu asubuhi.

Mzee Shirima hakuwepo kuyaona hayo. Alikuwa ameshastaafu, amerudi kwenye migomba yake Rombo. Nilimpigia simu nikamsimulia. Akauliza tu, "Huyo wa mkono mfukoni, ulimwona kabla hajakufuata?" Nikakiri sikumwona. "Basi bado hujafika," akasema, akakata.

Sasa, Glory na wenzako. Mnaniuliza mje kufanya nini, na nyinyi si mabingwa wa ugonjwa huu. Hatuhitaji mabingwa. Tunahitaji mtu wa kupiga simu kwenye maduka ya dawa kabla mzee hajapanda gari kutoka Ngaramtoni na kuambiwa zimeisha. Tunahitaji wa kukaa na familia na kueleza kwamba si uchawi, na wa kwenda nasi kituo cha polisi kuwaeleza askari kwamba sio kila anayepepesuka ametoka baa. Tunahitaji wenye magoti mazima ya kuchora sakafuni. Kama ulimi unakukauka mbele za watu, kaa na Mzee Laizer mwezi mmoja, utaita ng'ombe. Na kama hayo yote hayakutoshi, sikiliza kisa kimoja, kisha nikuache.

Mwaka wangu wa mwisho kazini, Alhamisi moja tukiwa kwenye kelele zetu, mama mmoja muuza ndizi alichungulia dirishani na beseni kichwani. Aliitwa Upendo, ametoka kwetu, upande wa mlimani.

"Samahani," akasema. "Hizo kelele, mtu asiyeongea anaweza kufundishwa?"

Alikuwa anamsemea baba mkwe wake, Mzee Sumari. Kwa miaka miwili mzee huyo alikuwa amenuna. Ndivyo familia ilivyoelewa. Aligombana na mwanawe Elibariki kuhusu mpaka wa shamba la kahawa, na tangu hapo uso ukakaza, hacheki, hakunji hata paji la uso, akisemeshwa midomo inasogea lakini neno halisikiki. Elibariki naye akakasirika, akaona baba amemfungia moyo. Wakawa wanaishi boma moja, chakula kinapelekwa na Upendo, baba na mwana hawaongei.

Nilikwenda Jumamosi. Mzee alikuwa amekaa nje kwenye kigoda. Safari hii nilimtazama kwanza kabla ya kumsogelea. Hapepesi macho. Mkono mmoja umelala pajani, hausogei. Nikamwamkia, midomo ikasogea. Nikainama mpaka sikio langu likakaribia kumgusa. Alikuwa anasema, "Marahaba, mwanangu. Karibu." Alikuwa anaitikia salamu za watu wote, miaka miwili, na hakuna aliyemsikia. Uso ule haukuwa wa hasira. Ugonjwa ndio ulioukaza.

Nilimweleza Elibariki. Hakuniamini. "Namjua baba," akasema. "Anaweza kununa miaka kumi." Hata hivyo alimpeleka kwa daktari, kwa sababu Upendo alimwambia asipompeleka, ndizi atauza yeye. Dawa zikaanza. Kila Alhamisi Upendo alimleta baba mkwe Kijenge, na Elibariki alikaa garini nje akisoma gazeti. Wiki za kwanza Mzee Sumari aliita ng'ombe kwa sauti ya kuku. Kisha kwa sauti ya mbuzi. Mzee Laizer akamwambia asikate tamaa, anapanda darasa.

Siku moja mvua ilinyesha sana, Elibariki akalazimika kuingia ndani. Ilikuwa saa ya chai. Upendo alikuwa anachemsha mayai, basi akamwonyesha kwa ishara ampelekee baba kikombe. Akakiweka mezani mbele yake bila kumtazama usoni, akageuka aondoke.

"Elibariki."

Haikuwa sauti kubwa. Ila ukumbi mzima uliisikia, na watu wakaacha vikombe hewani.

"Chai hii haina sukari."

Elibariki alisimama amempa baba yake mgongo. Mabega yake yalikuwa yanatikisika kuliko ya mgonjwa wetu yeyote. Akapapasa mezani, macho yamejaa machozi haoni kitu, akavuta kopo la karibu, akatia vijiko vitatu, akakoroga kwa bidii, akamsogezea.

Mzee Sumari akanywa funda moja. Akalitema.

"Chumvi!" akapiga kelele, sauti ya ng'ombe kamili. "Umenitilia chumvi, wewe!"

Elibariki akaburuta kiti, akakaa goti kwa goti na baba yake, akafuta uso kwa kiganja.

"Sijasikia, baba," akasema. "Sema tena."